Ripoti Yangu Kuhusu Udhaifu wa Wairani

Ijumaa, 1 Agosti

Kikao cha timu leo, nyuma ya duka la Hamduni. Ajenda moja tu: mimi.

Tumefungwa mechi sita mfululizo. Mwenyekiti wetu, Mzee Nyamhanga, alizisoma zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, na kila akimaliza moja ananitazama. Utadhani mimi ndiye niliyecheza! Makoko Veterani ni timu ya watu wazima. Wana vitambi. Mabeki wawili wanavaa miwani na wanaivua wakati wa mechi. Halafu lawama kwa kocha.

Basi, imekuja barua kutoka Butiama. Kuna Wairani pale, kumi na wanne hivi, wamekuja kuchimba visima vya maji. Wanatafuta timu ya kucheza nayo siku ya Nane Nane. Mwenyekiti kasema tunacheza, tena hapa hapa Makoko. Tukishinda, nabaki. Tukifungwa, ukocha anachukua Hamduni. Huyo ni msaidizi wangu, muuza vifaa vya pikipiki, na muda wote wa kikao alikuwa anatazama chini kama bi harusi. Mnafiki!

Miaka kumi na moja! Mtaa mzima unaniita Kocha. Mchungaji ananiita Mzee Kocha. Hata mke wangu Marieta tukiwa mezani anasema, Kocha, hebu nisogezee chumvi. Nikivuliwa ukocha nabaki Baltazari fundi baiskeli. Mafundi baiskeli Makoko tuko saba. Kocha ni mmoja.

Nikasimama. Nikasema Wairani nawafahamu fika, nimewafuatilia kwa miaka, na Jumatatu nitaleta ripoti ya maandishi kuhusu udhaifu wa wachezaji wa Iran, wa kiufundi na wa kiakili. Hamduni akauliza nimewafuatilia wapi. Nikamjibu kwamba siri za ukocha hazianikwi juani kama dagaa.

Sijawahi kumwona Mwirani hata mmoja.

Jumamosi, 2 Agosti

Butiama. Upelelezi. Nimepanda lori la mchanga alfajiri na mapema.

Mpelelezi lazima ajigeuze. Mimi nimejigeuza fundi baiskeli. Haikunibidi kubadilisha nguo.

Kambi yao iko nje kidogo ya mji, na uwanja wameufyeka wenyewe. Nikakaa kando ya mstari na pampu yangu na boksi la spana, macho yote kwenye mazoezi. Kumbe Wairani wana baiskeli! Zote mbovu! Ya kwanza pancha. Ya pili mnyororo. Ya tatu ringi imepinda kama chapati. Wakanizunguka kwa furaha, kila mmoja na lake, na mpishi wao, mama mmoja wa pale pale, akanitafsiria kwamba wamekaa mwezi mzima bila fundi. Ningekataaje? Mazoezi yote nimeyatazama kupitia spoku za gurudumu la nyuma, tena likiwa linazunguka.

Nilichoona ni miguu. Mingi. Inakwenda haraka.

Baadaye chai. Wanashika donge la sukari kwa meno, halafu chai inapita humo humo. Nikajaribu. Nikameza donge zima, nikapaliwa, wakanipigapiga mgongoni watatu kwa pamoja. Watu wema sana hawa. Inaudhi.

Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Nimegundua kwamba Mwirani akimkwatua mwenzake anamwinua na kumwomba radhi. Hiyo ni akili dhaifu. Mmoja akakosa goli tupu, wakacheka wote, na yeye mwenyewe akacheka! Hawana uchungu na timu. Tena mpira wanampa yeyote aliye peke yake, hata awe nani. Maana yake hawana staa. Yote nimeyaandika kwenye kifuniko cha boksi la viraka.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani asubuhi. Mchana kutwa ripoti.

Nilikuwa na nusu ukurasa. Mwenyekiti anapenda karatasi nyingi. Nikakaa, nikafikiri, nikaona mpira ni mpira popote duniani, nikajaliza kwa uzoefu. Kwamba dakika ya ishirini wanaanza kuhema. Kwamba wakifungwa wanalaumiana. Kwamba kipa wao hamsikilizi mtu. Kwamba beki wa kulia akisikia pikipiki anageuka kuangalia ni nani anapita barabarani. Zikatimia kurasa nne.

Marieta akaisoma huku anachambua dagaa. Akasema watu hawa mbona anawafahamu. Huyo wa pikipiki ni Enoka, nahodha wetu. Nikamwambia mambo haya ni ya kitaalamu. Akasema sawa Kocha, akaendelea na dagaa wake, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Jumatatu, 4 Agosti

Ushindi! Nimesoma ripoti nimesimama, dakika arobaini. Nilipofika kwenye "mporomoko wa umakini wa kisaikolojia katika theluthi ya ulinzi," Mzee Nyamhanga alivua kofia.

Hamduni akanyoosha mkono. Eti winga wao wa kushoto anatumia mguu gani? Nikamjibu yote miwili, inategemea. Eti anavaa namba ngapi? Nikamwambia ndugu yangu Hamduni, namba iko mgongoni lakini udhaifu uko kichwani. Wakapiga makofi mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Halafu akaharibu. Akapendekeza timu ikimbie kila asubuhi, kutoka uwanjani mpaka ufukweni na kurudi, na kufanya mazoezi ya krosi. Nikapinga. Kama adui atachoka dakika ya ishirini, sisi tukimbie kwa sababu gani? Tupumzike! Hoja safi kabisa. Kesho alfajiri wanakwenda kukimbia watu tisa.

Tisa kati ya kumi na mmoja! Wasaliti. Aliyebaki upande wangu kwa moyo mmoja ni Keraryo, kipa wetu. Keraryo ni mchinjaji wa nyama. Anabeba paja la ng'ombe kwa mkono mmoja. Haogopi kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Wazo limenijia nikiziba pancha. Kubwa mno. Nimesahau pancha.

Kila timu inayojiheshimu ina kamati ya ufundi, na kila mtu anajua kamati hiyo haihusiki na ufundi wa mpira. Ni ya kuwaingiza wachezaji uwanjani kinyumenyume, kurusha vitu golini, kuruka ukuta wakati geti liko wazi. Ya kwetu ilivunjwa mwaka ule mwenyekiti alipookoka.

Sasa, mimi ni mzee wa kanisa. Kwa mganga siendi, siendi kabisa. Lakini kitu bila mganga ni kitu tu! Nimechukua yai. Nimelizungushia uzi mwekundu mara saba. Nimechomeka unyoya mweusi. Nimelichora macho mawili kwa mkaa, moja likatoka kubwa kuliko lenzake, ikawa vibaya zaidi, yaani vizuri zaidi. Hakuna dawa humo, hakuna maneno. Ni yai lenye sura mbaya. Dhambi iko wapi? Siku ya mechi naliweka golini kwa Wairani, kipa wao analiona, anavurugika, basi. Hiyo ni saikolojia. Watu wanaisomea chuo.

Yai nimelitoa chini ya kuku wa Marieta anayeatamia. Amenidonoa mkono mpaka damu. Marieta akauliza nimefanyaje. Nikasema spoku.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelifanyia utafiti, maana sibahatishi. Baada ya mazoezi nikamvuta Keraryo pembeni. Nikamuuliza, kama utani tu, angefanyaje akikuta golini yai limefungwa uzi mwekundu.

Loo! Uso ulibadilika rangi. Akasema tusitaniane mambo hayo. Akasema kule Bugwema kulikuwaga na kipa hodari, hakuna mpira unampita, siku moja akaruka kitu kama hicho, mguu ukavimba kutoka Krismasi mpaka Pasaka. Akasema yeye goli la namna hiyo haingii. Hata apewe ng'ombe. Hata aombwe na mama yake mzazi.

Nilitaka kumbusu. Fikiria! Kama Keraryo, anayeangusha dume la ng'ombe peke yake, anatetemeka kwa kusikia tu, huyo Mhandisi wao (kipa wao ni mhandisi, mrefu, ana ndevu nzuri) si atazimia? Ushahidi umekamilika.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwagiza Enoka: shilingi ikirushwa, achague goli la barabarani, Wairani waachiwe la ziwani. Akauliza kwa nini. Nikasema upepo. Hamduni akasema saa kumi jioni hakunaga upepo upande huo. Mtu huyu atanitoa roho.

Nyumbani kuna kesi. Marieta amehesabu mayai ya kuku wake, yamepungua moja. Anasema ni kenge kutoka ziwani. Nikakubali haraka sana kwamba ni kenge, tena mkubwa. Ameshawatangazia majirani wote wafunge mabanda.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika nikiwa nimeoga mara tatu.

Saa sita mchana nilikwenda peke yangu kuchora mistari ya uwanja kwa majivu, ni kazi yangu kila mechi, hakuna wa kushuku. Nikaliweka yai katikati ya goli la ziwani, nikalifukia nusu, macho yanatazama juu. Hata mimi mwenyewe nikashtuka kidogo.

Saa kumi kasoro Wairani wakafika. Wakashuka, wakampa kila mtu mkono, mpaka mama muuza karanga. Watu walijaa. Shilingi ikarushwa, Enoka akakosea! Lakini nahodha wao akasema wageni ni wao, wenyeji tuchague. Udhaifu mwingine! Tukachagua goli la barabarani.

Mhandisi akaingia golini. Akaliona. Nikashika benchi kwa mikono miwili.

Akachuchumaa. Akaligeuza. Akatazama mitini, akatazama kwenye majani, nikaelewa polepole: alikuwa anamtafuta kuku mwenye yai. Hakumwona. Basi akavua kofia yake, akaliweka yai ndani taratibu, akaisogeza kofia kwenye kona ya ndani ya nyavu ambako haliwezi kukanyagwa. Akapangusa mikono. Akaanza kudaka. Alidaka mipira miwili ambayo hata Keraryo angeiacha. Sikuona mahali popote anapovimba.

Lakini tulikuwa tunaongoza! Dakika ya thelathini, Enoka akapiga krosi tamu, ikapigwa kichwa, goli! Watu wa kukimbia alfajiri walikuwa wanakimbia kama wana wazimu. Mapumziko, moja bila. Nikamwambia mwenyekiti, umeona saikolojia? Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema Kocha, nisamehe. Nikaona mbele yangu miaka mingine kumi na moja.

Mwamuzi akapiga filimbi. Timu zikabadilishana magoli.

Sikuwaza. Naandika tena nijisomee mwenyewe: sikuwaza. Nilikuwa nimepanga kila kitu mpaka mapumziko, nikaishia hapo.

Keraryo akaenda goli la ziwani anapiga mluzi. Mhandisi, mtu mwema, alikuwa ameiacha kofia makusudi na akamngoja amwonyeshe kwa ishara: angalia kaka, yai, usikanyage. Keraryo akainama akachungulia kofiani.

Ule ukelele ulisikika mpaka kwa wavuvi.

Akatoka golini anarudi kinyumenyume. Akapita kumi na nane. Akapita mabeki, akawaambia neno moja, nao wakamfuata. Wakasimama duara la kati. Akasema atadakia hapo hapo. Wairani wakafunga la kwanza wakitembea. Wakafunga la pili. Walipofunga la tatu wakaona aibu, wakasimama, wakauliza kama kipa wetu anaumwa. Wakaleta maji. Wakasema wana kipa wa akiba, watuazime. Kuazimwa kipa na adui! Mbele ya Makoko nzima!

Mwenyekiti akanigeukia. Kocha, fanya kitu!

Na kitu cha kufanya nilikijua. Kusema tu: jamani, yai langu, la kuku wangu, halina kitu. Mechi ingeokoka. Lakini wangeuliza nani kaliweka. Nikikaa kimya, tunafungwa, ukocha umekwenda. Nikisema, ukocha umekwenda pia. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Ndipo nikaona njia ya tatu. Nitaingia mbio, nitalichukua, nitalitupa ziwani, watasema shujaa!

Nikaingia mbio. Nikaokota yai kwa mkono mtupu.

Uwanja mzima ukanikodolea macho. Nilikuwa sijafika hata kwenye mlingoti nikajua nimekosea. Kitu kile hakuna anayekishika bila kuogopa isipokuwa mwenyewe aliyekileta. Nikaona nyuso zao zote zinafanya hesabu hiyo kwa wakati mmoja. Mwamuzi akanijia na kadi nyekundu. Nikarudi nyuma, nikanasa kwenye nyavu, nikaangukia kifua. Yai lilikuwa kifuani.

Lilikuwa limeatamiwa wiki mbili. Siandiki zaidi.

Na Marieta, kutoka kwa watazamaji, akasema kwa sauti ya kwaya kwamba jirani zangu fungueni mabanda, kenge amepatikana.

Tano moja.

Jumamosi, 9 Agosti

Kikao hakikuchukua hata robo saa. Kocha ni Hamduni.

Wengine walitaka nifukuzwe kabisa. Keraryo alitaka zaidi ya hapo, na alikuja na kisu, ingawa alisema alikuwa anatoka tu kazini. Hamduni ndiye aliyenitetea. Alisema hakuna anayejua kujaza mipira upepo kama mimi, nibaki kuwa mtunza mipira. Akanipa mkono. Nilimsubiri anicheke. Hakucheka. Afadhali angecheka, ningepata cha kumchukia usiku kucha.

Nilipokuwa narudi mama muuza karanga akanisalimu. Akasema habari za leo, Fundi.

Nimekaa uani nikalia. Kidogo. Naandika kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Inauma. Inauma kuliko nilivyofikiri. Marieta akaniona, akaniletea sato wa kukaanga, upande wa kichwa ninaoupenda. Tukala. Akaomba chumvi bila kuniita jina lolote.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada ndefu. Mchungaji amehubiri kuhusu wachawi wa Misri huku anatazama benchi langu. Nimeambiwa nipumzike uzee wa kanisa kwa miezi mitatu. Marieta amehamishia kuku wake kwa dada yake.

Basi nikawa nimelala mkekani na huzuni zangu, simu ikaita. Namba ngeni. Mtu akasema: halo, ni Kocha?

Nikaibana simu sikioni. Akarudia. Kocha, unanisikia?

Ni Shija, katibu wa maveterani wa Manyamanyama, kule Bunda. Wanacheza na Wairani Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu. Wamesikia Makoko kuna mtaalamu aliyewachunguza mpaka kambini na akaandika kurasa nne, na kwamba mpaka mapumziko Wairani walikuwa wamefungwa. Mtu aliyemsimulia ni wazi aliondoka wakati wa mapumziko. Mungu ambariki popote alipo. Wanaomba ripoti, na wanaomba siku hiyo nikae nao kama kocha mshauri. Nikasema ratiba yangu imebana. Nikasema nakuja.

Nimeinuka mkekani kama mtu mpya. Nimemwambia Shija kwanza kabisa wachezaji waache kukimbia, wapumzike, maana Mwirani anachoka dakika ya ishirini. Amesema watafurahi sana kusikia hivyo.

Halafu nimekaa nikajikosoa, maana kocha wa kweli hujikosoa. Kosa langu nimeliona, nalo ni moja tu: magoli yanabadilishana. Mengine yote yalikuwa sawa. Kwa hiyo safari hii goli siligusi! Yai nitaliweka chini ya benchi lao. Timu haziwezi kubadilishana mabenchi, hata sheria hairuhusu. Nimeshaongea na jirani yangu Yuliana, ana kuku watatu wanaotaga.

Nimempigia Shija tena, kama utani tu, kumuuliza uwanja wao una mabenchi ya namna gani. Amesema lipo moja, jipya, refu, la mninga, linatosha timu zote mbili.

Vizuri sana. Sitapata taabu ya kutafuta lao ni lipi.